Mstari wa Yadi 18

Katika uwanja wa mpira wa miguu ipo mistari mingi, na kila mmoja una kazi yake. Upo wa katikati unaozigawa pande mbili. Ipo ya pembeni inayoonyesha mwisho wa uwanja. Upo ule wa lango, ambao mpira ukiupita wote huwa ni goli. Lakini hapana mstari uliowatia watu uchungu kama ule unaozunguka eneo la adhabu, yadi 18 mbele ya lango, yaani kiasi cha mita 16 na nusu. Upana wake hauruhusiwi kuzidi sentimita 12. Huchorwa kwa chokaa, na mvua ya jioni moja yaweza kuufuta. Hata hivyo, kwa ajili ya mstari huo timu zimetwaa vikombe na timu zimevikosa, na watu wazima wenye akili zao wameshindana maneno mpaka uzeeni.

Sababu si ngumu kuiona. Beki akimpiga ngwala mshambuliaji hatua moja nje ya mstari, adhabu yake ni mpira wa adhabu wa kawaida, na walinzi huruhusiwa kujipanga kama ukuta umbali wa yadi 10 ili kuuzuia. Beki yule yule akitenda kosa lile lile hatua moja ndani, adhabu ni penalti: mpigaji mmoja, mlinda lango mmoja, yadi 12 baina yao, na wengine wote wamesimama mbali kama mashahidi. Katika kila penalti nne, takriban tatu huingia. Basi kosa ni moja na mguu ni mmoja, lakini mahali ndipo panapotofautisha onyo na msiba.

Yafaa, basi, tujue mambo mawili: jinsi mstari huo ulivyopata kuwako, na jinsi refa anavyopasa kuamua kosa lililotendeka karibu nao.

Sheria za kwanza za Chama cha Mpira cha Uingereza zilitungwa mjini London mwaka 1863. Zilikuwa 13 tu, na ndani yake hamkutajwa penalti, wala eneo la adhabu, wala refa. Waliozitunga walikuwa waungwana walioamini kwamba mchezaji mwema hatendi kosa kusudi, na akitenda atakiri mwenyewe. Ugomvi ukizuka, manahodha wa pande mbili walikaa wakapatana. Baadaye kila upande ulileta mwamuzi wake, na waamuzi hao wawili wasipopatana, shauri lilipelekwa kwa mtu wa tatu aliyesimama nje ya uwanja. Huyo wa tatu ndiye refa, na jina lake katika Kiingereza lina maana hiyo hiyo: mtu ambaye mashauri hupelekwa kwake.

Imani hiyo ilikuwa nzuri, lakini haikudumu. Mwaka 1885 wachezaji waliruhusiwa nchini Uingereza kulipwa mshahara, na mwaka 1888 ligi ya kwanza ikaanzishwa. Palipoingia vikombe, fedha na maelfu ya watazamaji, vishawishi navyo viliingia. Beki aliyeona goli li karibu kufungwa alipiga hesabu yake: nikiushika mpira kwa mkono, nitaadhibiwa kwa mpira wa adhabu tu, nikiuacha, tutafungwa. Akaushika. Kosa likawa na faida kuliko wema, na sheria inayomfaidia mkosaji haiwezi kuitwa sheria ya haki.

Mtu aliyeliona jambo hilo waziwazi alikuwa mlinda lango, William McCrum wa kijiji cha Milford katika wilaya ya Armagh, Ireland. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kitani. Timu yake, Milford Everton, ilishika mkia katika ligi ya Ireland msimu wa 1890 hadi 1891, kwa hiyo mwenyewe alijua vema yanayotendeka mbele ya lango. McCrum alishauri kwamba anayemwangusha mwenziwe au kuushika mpira kusudi karibu na lango lake aadhibiwe kwa mpigo ambao hapana awezaye kuuzuia ila mlinda lango peke yake. Chama cha Mpira cha Ireland kikalifikisha shauri hilo mwaka 1890 mbele ya baraza la sheria za mchezo. Wengi walilikataa. Walisema ni kuwatukana wachezaji kudhani kwamba muungwana anaweza kumkwatua mwenziwe kwa makusudi.

Miezi michache ikapita. Mwezi wa Februari mwaka 1891, Notts County walicheza na Stoke katika robo fainali ya Kombe la Chama cha Mpira. Notts County walikuwa mbele kwa goli moja, na mchezo ulikuwa ukielekea mwisho. Mpira wa Stoke ukawa unaingia langoni, na beki wa Notts County, Hendry, akauzuia kwa mkono. Stoke wakapewa mpira wa adhabu hatua chache tu kutoka mstari wa lango. Lakini sheria za siku hizo hazikumzuia mlinda lango kuja kusimama mbele kabisa ya mpira. Alisimama hapo, mpigo ukazuiwa, na Stoke wakatolewa. Mkono uliovunja sheria ndio uliowapeleka Notts County mbele. Waliokuwa wakimcheka McCrum walipunguza kicheko.

Tarehe 2 Juni 1891 baraza la sheria lilikutana mjini Glasgow na kuikubali penalti. Mwaka huo huo refa alitolewa nje ya uwanja akaingizwa ndani, na wale waamuzi wawili wakawa washika vibendera. Mambo haya mawili kuja pamoja hayakuwa ajabu, maana adhabu kubwa yahitaji jicho lililo karibu, na wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini mstari wa kwanza haukuwa huu wa leo. Ulichorwa yadi 12 kutoka mstari wa lango, nao ulikwenda moja kwa moja kutoka ubavu mmoja wa uwanja mpaka wa pili. Kosa lililotendeka kule pembeni, karibu na kibendera cha kona, liliadhibiwa sawasawa na kosa lililotendeka mbele ya lango lenyewe. Na mpigaji alijichagulia mahali popote juu ya mstari huo pa kupigia. Zaidi ya hayo, mlinda lango aliruhusiwa kusogea mbele yadi 6 kumkabili. Kwa miaka 11 watu walicheza hivyo. Ndipo mwaka 1902 likachorwa eneo la adhabu tulijualo, pamoja na alama ya penalti yadi 12 mbele ya lango. Hesabu ya eneo hilo ni nyepesi: hupimwa yadi 18 kutoka kila mwimo wa lango kwenda upande, na lango lenyewe lina yadi 8, jumla yadi 44, kisha hupimwa yadi 18 kwenda mbele. Tao dogo lililo juu ya eneo hilo liliongezwa mwaka 1937, na wanafunzi wengi hulielewa vibaya. Tao hilo si sehemu ya eneo la adhabu. Kazi yake ni kuwaweka wachezaji wengine umbali wa yadi 10 kutoka mpira wakati penalti inapopigwa. Kosa la ngwala ndani ya tao halileti penalti.

Sasa mpaka ulikuwa umepimwa, lakini kupima mpaka si kumaliza ugomvi wa mpaka, kama ajuavyo kila mtu mwenye shamba. Habari za timu mbili za Uingereza, Huddersfield Town na Preston North End, zatosha kuonyesha jambo hilo.

Mwaka 1922 timu hizo zilikutana katika fainali ya Kombe la Chama cha Mpira, uwanja wa Stamford Bridge, London. Kipindi cha pili, hapana goli. Billy Smith wa Huddersfield alikimbia na mpira upande wa kushoto, akaangushwa ukingoni mwa eneo la adhabu. Refa akaonyesha penalti. Watu wa Preston walilalamika kwamba kosa lilitendeka nje ya mstari, na kwamba Smith aliangukia ndani tu. Refa hakubadili neno. Mlinda lango wa Preston, James Mitchell, aliyecheza na miwani usoni, akaanza kurukaruka juu ya mstari wa lango ili kumvuruga mpigaji. Smith hakuvurugika. Huddersfield 1, Preston 0. Miaka saba baadaye, mwaka 1929, sheria ikamwamuru mlinda lango asimame kimya mpaka mpira upigwe.

Ikapita miaka 16. Mwaka 1938 timu zile zile zikakutana tena katika fainali ya kombe lile lile, safari hii uwanja wa Wembley. Dakika 90 ziliisha bila goli. Muda wa nyongeza nao ukawa karibu kwisha, umesalia kiasi cha dakika moja. George Mutch wa Preston akakimbilia lango, na Alf Young, nahodha wa Huddersfield, akamwangusha ukingoni mwa eneo la adhabu. Refa akaonyesha penalti. Mutch akapiga, mpira ukagonga mwamba wa goli ukaingia ndani. Preston 1, Huddersfield 0. Na tangu siku hiyo wapo walioshikilia kwamba kosa lilikuwa nje ya mstari. Waliofurahi mwaka 1922 ndio waliolia mwaka 1938, na waliolia ndio waliofurahi. Lakini swali lilikuwa moja: lilitendeka wapi?

Kwa nini swali hilo ni gumu? Mshambuliaji akimbiaye kwa kasi huweza kwenda mita 7 kwa nukta moja ya saa. Akikwatuliwa mita moja nje ya mstari, mwili wake hausimami pale. Huchukuliwa na kasi yake, na kabla hajagusa ardhi amekwisha kupita mita mbili au tatu. Macho ya watazamaji huona alipolala, na huko ni ndani. Lakini sheria haiulizi alipolala. Yauliza pale mguu ulipogusa mguu. Basi kanuni ya kwanza ya refa ni hii: kosa huhesabiwa mahali lilipotendeka, wala si mahali mtu alipoanguka, wala si mahali mpira ulipokuwa.

Kanuni ya pili ni kwamba mstari ni sehemu ya eneo linalozungukwa nao. Kosa lililotendeka juu ya chokaa yenyewe limetendeka ndani. Wachezaji wengi hudhani kwamba mstari ni wa katikati, si wa huyu wala si wa yule; sivyo. Mstari ni wa eneo la adhabu, kama ukuta ulivyo wa nyumba.

Kanuni ya tatu yahusu kosa lenye mwendo. Ngwala hutendeka mara moja ikaisha, lakini kumshika mtu jezi huweza kuanza mahali pamoja na kuendelea hadi pengine. Beki akimshika mwenziwe nje ya eneo, akaendelea kumvuta mpaka wakaingia ndani, refa sharti atoe penalti, kwa maana kosa liliingia pamoja nao.

Kanuni ya nne ni ya mkono. Yatazamwa pale mkono na mpira vilipogusana, si pale miguu iliposimama. Mlinda lango aweza kuwa na miguu yote miwili nje ya mstari na kuudaka mpira ulio juu ya eneo lake bila kosa. Na aweza kusimama ndani, akanyosha mikono na kuushika mpira uliokwisha kutoka wote nje, akawa amekosa.

Tena, si kila kosa la mlinzi ndani ya eneo huleta penalti. Mchezo wa hatari usiomgusa mtu, au kumzibia mtu njia bila kumgusa, huadhibiwa kwa mpira wa adhabu ambao haufungwi moja kwa moja. Na kinyume chake, beki akimpiga mpinzani ndani ya eneo lake, hata kama mpira unachezwa katikati ya uwanja wakati huo, ni penalti. Refa asiyezijua tofauti hizi hata akiwa na macho ya mwewe atapotea.

Lakini kujua hakutoshi bila kuwa mahali pafaapo. Stanley Rous, Mwingereza aliyechezesha fainali ya kombe mwaka 1934 na kuziandika upya sheria za mchezo mwaka 1938, ndiye aliyeeneza desturi ya refa kukimbia mshazari, kutoka pembe moja ya uwanja hadi pembe ya pili, huku kila mshika kibendera akilinda nusu ya ubavu ulio mbali na refa. Kwa njia hiyo tukio lililo mbele ya lango hukaa baina ya jozi mbili za macho. Refa huona miguu ikigusana. Mwenziwe wa pembeni, akiwa sambamba na mstari wa yadi 18, huuona mstari huo kwa urefu wake na kujua ni ndani au nje. Wakipatana kabla ya mchezo jinsi ya kupashana habari, mmoja humaliza upungufu wa mwingine.

Hata hivyo, yapo mashauri ambayo mahali hapabishaniwi, bali tendo lenyewe. Katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Munich mwaka 1974, refa alikuwa Jack Taylor, muuza nyama kutoka Wolverhampton. Mchezo haujatimiza dakika mbili, wala Mjerumani hajaugusa mpira, Johan Cruyff wa Uholanzi akaangushwa na Uli Hoeneß, na Taylor akatoa penalti, ya kwanza katika fainali yoyote ya Kombe la Dunia. Baadaye Bernd Hölzenbein wa Ujerumani Magharibi akaanguka ndani ya eneo la Waholanzi, na Taylor akatoa ya pili. Wajerumani wakashinda 2 kwa 1. Hakuna aliyesema kwamba Hölzenbein aliangukia nje. Waliyobishania kwa miaka mingi ni kama aliangushwa au alijiangusha. Hapo twaona kwamba refa ana maswali mawili, si moja. La kwanza: je, ni kosa? La pili: je, ni wapi?

Siku zetu hizi swali la pili limepata msaidizi. Mwaka 2018 waamuzi wa video waliingizwa katika sheria za mchezo, wakatumika katika Kombe la Dunia nchini Urusi mwaka huo huo, na katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka 2019 kuanzia robo fainali. Picha husimamishwa pale mguu unapogusa mguu, na mstari huonekana. Lau ungalikuwapo mwaka 1922 au 1938, huenda Preston na Huddersfield wasingaligombana. Lakini swali la kwanza bado ni la mtu. Mashine huonyesha kwamba miguu iligusana. Haiwezi kumwambia refa kama mguso huo ulikuwa uzembe wa beki au ujanja wa mshambuliaji.

Sheria nayo imezidi kuutwika mstari mzigo. Tangu mwaka 2016, beki anayemkosesha mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga, huku akiwa amejaribu kweli kuucheza mpira, hupewa kadi nyekundu kosa likiwa nje ya eneo; likiwa ndani, hupewa kadi ya manjano, kwa kuwa penalti yenyewe humrudishia mpinzani nafasi aliyonyang'anywa. Kwa hiyo sentimita chache zaweza kuamua goli na kadi kwa pamoja.

Msomaji, pengine wewe hutachezesha kamwe fainali yenye kamera. Lakini siku moja utapewa filimbi katika uwanja wa shule, ambapo mistari imechorwa kwa majivu na nusu yake imekwisha kufutwa na miguu. Dakika ya mwisho, rafiki yako atamwangusha mtu, nawe utaona vizuri kwamba ni ndani. Utasikia kelele za pande mbili, na moyo utakushauri neno la hila: sema ni nje, toa mpira wa adhabu, utawaridhisha wote. Hilo ndilo kosa kubwa la marefa karibu na mstari huu. Wengi wao hawakosi kwa kutoona. Hukosa kwa woga. Huliona kosa, huogopa ukubwa wa adhabu, kisha hulisukuma kosa hatua moja nyuma ili adhabu iwe ndogo. Refa aliyekosea kwa macho husamehewa, maana macho ya binadamu yana mpaka. Aliyehamisha kosa kwa kujua amehamisha mpaka wa jirani usiku.

Dawa ya woga huo ni kuyashika maswali mawili kwa utaratibu wake. Jiulize kwanza: je, ni kosa? Ukisha kujibu, jiulize: ni wapi? Usikubali jibu la pili ligeuze jibu la kwanza, wala usikubali adhabu igeuze mahali. Na kama wewe ndiwe beki, nawe wajua ulipougusa mguu wa mwenzio kuliko refa, kuliko mshika kibendera, kuliko kamera. Waungwana wa mwaka 1863 walikosea walipodhani kwamba wachezaji wote watakiri. Hawakukosea walipotamani iwe hivyo.